Pumzi zinabana na mashine inawaka: kutafuta tatizo la oksijeni ya nyumbani

Mgonjwa wa mapafu anayetumia oksijeni nyumbani akianza kuhema, mkono wa aliye karibu huenda moja kwa moja kwenye kitufe cha lita za oksijeni kwa dakika. Kutoka 2 inapandishwa hadi 4, mgonjwa anatulia kidogo, na watu wanaamini mambo yamekwisha. Mara nyingi tatizo lenyewe halijaguswa. Mpira umebanwa na mguu wa kitanda, au filta imejaa vumbi, au kifua kimeingiliwa na maambukizi mapya, na zile lita mbili za ziada zimelificha kwa saa chache tu. Lita ni dozi, sawa na dozi ya dawa yoyote aliyoandika daktari. Kabla ya kuigusa, tafuta oksijeni inapotelea wapi: kwa mgonjwa mwenyewe, puani, kwenye mpira, kwenye mashine, au kwenye umeme.

Ninaowafikiria hapa ni wagonjwa wa kudumu: wenye ule ugonjwa wa njia za hewa kuziba ambao hospitalini huandikwa COPD, waliopona kifua kikuu kikawaachia makovu, na wachimba migodi walioharibiwa mapafu na vumbi la mawe. Mashine ninayoizungumzia ni konsentreta ya lita 5, ile ya kuchomeka ukutani inayochuja oksijeni kutoka hewani, kwa sababu ndiyo iliyo katika nyumba nyingi, na mtungi ukiwa wa akiba.

Kabla ya mashine, mtazame mtu

Ukimkuta hawezi kumaliza sentensi moja bila kukata pumzi, midomo au ulimi umegeuka rangi, amechanganyikiwa, haamki vizuri, au kifua kimemchoma ghafla upande mmoja, usianze kufungua filta. Mwache na oksijeni yake kwa lita zilezile alizoandikiwa, mkalishe wima, mpe pampu yake ya kuvuta kama anayo, na safari ya hospitali ianze. Mengine yote yatakaguliwa baadaye.

Kuna na dalili zinazokuja polepole. Makohozi yamebadilika rangi na kuongezeka, homa, miguu yote miwili imevimba, au mguu mmoja tu umevimba na unauma. Kwa aliyewahi kuugua kifua kikuu, kukohoa kwa wiki mbili na zaidi pamoja na kutoka jasho usiku na kupungua uzito ni sababu ya kupimwa makohozi upya. Asiambiwe tu kwamba ni makovu ya zamani. Hakuna mashine inayotibu haya. Oksijeni pia haifungui njia za hewa zilizobana, kwa hiyo mgonjwa aliyeacha pampu zake kwa sababu "sasa ana mashine" ataendelea kubanwa hata namba ya kidoleni, ile asilimia ya oksijeni katika damu inayosomwa na oksimita, ikiwa nzuri.

Mashine inanguruma, lakini puani hakuna kitu

Chukua glasi ya maji safi, zamisha ncha mbili za mpira wa puani. Mapovu yakitoka kwa wingi, hewa inafika. Yasipotoka, au yakitoka kwa kusitasita, rudi nyuma hatua kwa hatua ukielekea kwenye mashine. Pitisha mkono mpira wote, kutoka puani hadi kwenye mashine, wala usitegemee macho, kwa kuwa mkunjo hujificha chini ya godoro, nyuma ya mlango, chini ya tairi la kiti. Kama mpira ni mrefu, tafuta maji yaliyokusanyika ndani. Utayaona kama matone yanayokwenda na kurudi. Chomoa mpira, uning'inize ukauke, au weka mwingine.

Chupa ya maji inayolowanisha oksijeni ndiyo mahali oksijeni inapopotelea mara nyingi zaidi, na ndiyo husahaulika. Mfuniko wake ukikaa upande kidogo tu, hewa yote inatokea pale. Ifungue, ifunge upya kwa kufuata uzi wake, kisha ubane mpira kwa vidole karibu na chupa. Chupa iliyofungwa sawasawa itapiga mlio wa filimbi au kutoa sauti ya kupwita, maana hewa imekosa njia. Ikikaa kimya, inavuja. Kama mgonjwa anatumia lita chini ya 4 na pua yake haikauki, chupa hiyo si lazima. Muulize daktari kama inaweza kuondolewa, na njia moja ya kuvuja itakuwa imeondoka nayo. Ikibaki, maji yawe yaliyochemshwa yakapoa au maji ya distili, yabadilishwe kila siku. Kuongezea maji mapya juu ya ya jana ni kufuga wadudu na kuwapuliza kifuani.

Halafu kile kigololi kwenye kipimo cha lita. Kisome macho yakiwa usawa wake, si ukiwa umesimama juu yake. Mstari wa lita upite katikati ya kigololi. Kama kimelala chini kabisa wakati mashine inawaka na kitufe kimefunguliwa, kuna kizuizi mbele. Kama kinapanda kawaida lakini puani hakuna hewa, kuna uvujaji. Tofauti hiyo peke yake inakuokolea nusu ya kazi.

Mpira wa kuongezea usizidi mita 15, na baada ya kuuunga rudia jaribio la glasi. Ule wa puani ubadilishwe kila wiki mbili hadi nne, na mara tu mafua yanapoisha. Mpira uliokakamaa na kugeuka rangi ya manjano hauoshwi ukarudi upya.

Hewa inafika, ila haina nguvu

Hapa glasi ya maji haitakusaidia, kwa kuwa mapovu ya hewa ya kawaida na ya oksijeni hayatofautiani. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21. Konsentreta huivuta hewa hiyo, huipitisha kwenye punje za madini yaitwayo zeolaiti zinazonasa naitrojeni, na kutoa oksijeni ya takriban asilimia 90 hadi 95. Punje zikilowana au zikichoka, mashine itaendelea kunguruma na kigololi kitaelea pale pale, huku kinachotoka kikikaribia hewa ya dirishani. Ndiyo maana mashine nzuri ina taa ya njano au nyekundu ya usafi wa oksijeni. Taa hiyo ikiwaka na isizimike baada ya dakika chache za kupasha, mhamishie mgonjwa kwenye mtungi na umwite fundi wa vifaa tiba. Fundi wa friji, hata awe hodari kiasi gani, hana kipimo cha kujua asilimia ya oksijeni inayotoka.

Kabla ya fundi, angalia mambo mawili. Filta ya nje ioshwe kwa maji na sabuni kidogo kila wiki, ikauke kabisa kivulini ndipo irudishwe. Wakati wa kiangazi, nyumba ikiwa kando ya barabara ya vumbi, ioshwe mara mbili kwa wiki. Na mashine iwe angalau sentimita 30 kutoka ukutani, mbali na pazia. Mashine iliyosukumwa kwenye kona ili isipige kelele inavuta joto lake yenyewe.

Umeme mdogo wa jioni nao huleta dalili hizihizi: sauti ya kompresa inakuwa nzito, taa za nyumba zinafifia, mashine inalia. Stebilaiza inasaidia, lakini iwe na uwezo mkubwa kuliko wati zilizoandikwa kwenye mashine, maana kompresa ikiwashwa huvuta umeme mwingi kwa sekunde chache. Mashine ichomekwe kwenye soketi yake ukutani, isigawane ekstensheni na friji au pasi.

Namba ya kidoleni haikubaliani na mtu

Oksimita ni msaada mkubwa na inaweza kukupotosha kwa pande zote mbili.

Ikisoma chini kuliko hali ya mgonjwa: vidole vya baridi, mkono unaotetemeka, betri imekwisha, rangi ya kucha. Wanawake wa pwani, piko jeusi kwenye ncha za vidole linaweza kuzuia mwanga wa kipimo. Acheni kidole kimoja bila piko, au pimeni kwenye ndewe ya sikio kwa kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya sikio. Pasha mkono joto, usubiri dakika nzima namba itulie, ndipo uandike.

Ikisoma juu kuliko ukweli ndipo penye hatari. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba upungufu wa oksijeni unaofichwa na oksimita ulitokea karibu mara tatu zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko kwa weupe. Kwa hiyo mgonjwa wetu mwenye 92 huku anahema na kuchanganyikiwa, aaminiwe yeye kabla ya kipimo.

La pili ni mkaa. Jiko la mkaa, au jenereta iliyowekwa varandani, hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoshika damu mahali pa oksijeni. Oksimita ya kawaida haiwezi kuzitofautisha, hivyo itasoma 98 wakati mtu anazidiwa. Kama kichwa kinamuuma mgonjwa na watu wengine mle ndani pia, au dalili zinakuja wakati wa kupika na kupungua akitoka nje, toeni watu nje kwanza, kisha hospitali. Jiko la mkaa halina nafasi ndani ya nyumba hii hata siku ya mvua.

Na namba inayotafutwa si 100. Kwa wengi wenye COPD madaktari hulenga 88 hadi 92; wengine huwekewa lengo tofauti. Iandikeni kwenye karatasi juu ya mashine, kwa maandishi makubwa, ili mgeni mwenye huruma asije akapandisha lita usiku kwa kuona 90.

Akikaa yuko sawa, akioga anazidiwa

Hili ndilo linalowavunja moyo wagonjwa kuliko yote. Mtu ana 91 kitini, anaingia bafuni, anatoka akiwa na 82 na hofu machoni. Familia inaamua asioge tena mwenyewe, asitembee, asipike. Miezi michache baadaye misuli ya mapaja imenyauka, na sasa hata kukaa kitandani kunamchosha. Kuacha kujongea kunaharibu zaidi kuliko ile dakika ya kuhema.

Jambo la kwanza la kuuliza ni kama mpira ulikuwa puani. Wengi huuvua waendapo kuoga, kula na kwenda msalani, yaani huuvua pale hasa mwili unapouhitaji. Mpira unaingia bafuni bila shida. Mashine ndiyo inayobaki nje, mahali pakavu. Akae kwenye kigoda cha plastiki, ndoo iwekwe juu ya kitu ili asiiname, maji ya uvuguvugu, mlango uachwe wazi kidogo ili mvuke utoke. Baada ya kuoga ajivike kanga au taulo kubwa na kukaa likaukie mwilini. Kujisugua kwa mikono miwili iliyoinuliwa juu kunakula pumzi nyingi.

Pili, muulize daktari kama lita za kupumzika na za kujongea ni zilezile. Baadhi ya wagonjwa huandikiwa mbili tofauti baada ya kutembezwa kliniki wakiwa na oksimita. Kama wako hajawahi kutembezwa hivyo, omba afanyiwe. Akishakuwa na lita za kujongea, jukumu la mwenye nyumba ni kuzirudisha chini akishatulia, kwa sababu zikisahauliwa juu usiku kucha zina madhara yake, nitayafikia.

Tatu ni namna ya kupumua. Avute kwa pua, atoe taratibu kupitia midomo iliyokunjwa, kama apulizaye chai ya moto, na kutoa kuwe kurefu mara mbili ya kuvuta. Nguvu itumike wakati wa kutoa pumzi: anainuka kitini anatoa, ananyanyua kikombe cha maji anatoa. Wengi hufanya kinyume, huizuia pumzi kisha hunyanyua. Ngazi ni vivyo hivyo: apande mbili akitoa, asimame, avute.

Kuinama kuna tabu yake, maana tumbo hukisukuma juu kile kiwambo cha kupumulia. Kufunga viatu, kufagia kwa ufagio mfupi, kusujudu. Anayeswali akae kwenye kiti na aashirie. Ruhusa hiyo ya mgonjwa inajulikana. Chakula kiwe kidogo mara nyingi, mpira ukiwa puani anapokula.

Jikoni, kazi zote za mbali na moto ni zake akitaka: kuchambua mchele, kukatakata mchicha, kumenya vitunguu akiwa amekaa. Kusimama jikoni kwenye moto ni kazi ya mwingine.

Usishangae kuona namba ya chini kabisa baada ya kusimama, si wakati wa kutembea. Kidole huchelewa nusu dakika na zaidi kuonyesha kilichotokea kifuani. Mpe dakika mbili tatu. Kama hazitoshi kumrudisha kwenye namba yake ya kawaida, na wiki iliyopita zilitosha, hiyo ndiyo habari ya kumpelekea daktari.

Kichwa asubuhi, usingizi mchana

Mgonjwa aliyeongezewa lita akaamka na kichwa kizito, anasinzia katikati ya mazungumzo, mikono inapigapiga akiinyoosha mbele, huyo huenda amejaa hewa chafu ya kaboni dayoksaidi. Kwa baadhi ya wenye COPD, oksijeni ikizidi, mwili hushindwa kuitoa hewa hiyo chafu. Rudisha lita kwenye kiwango alichoandikiwa, usimzimie mashine ghafla, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Asiyeamka apelekwe sasa hivi.

Pua na masikio

Pua ikikauka au kutoa damu, tumia jeli ya maji au matone ya maji ya chumvi. Mafuta ya mgando hapana, na krimu zenye mafuta hapana, kwa kuwa mafuta na oksijeni hushika moto. Masikio yaliyochubuka na mpira yavishwe kipande cha pamba au gozi la kufungia kidonda.

Umeme umekatika

Mashine ya lita 5 hutumia wati 350 hivi. Kwa saa 15 ni uniti 5 na kidogo. Kwa siku nzima zaidi ya 8. Kwa Tanzania, nyumba iliyo kwenye tarifu ya matumizi madogo, ile ya uniti 75 kwa mwezi, itaumaliza mgawo huo kwa mashine pekee kwa wiki mbili hivi. Mjue mapema, mpange bajeti, kwa sababu LUKU, umeme wa kulipia kabla, inayokata usiku wa manane ni tatizo la oksijeni kama lilivyo lolote hapo juu.

Mtungi wa akiba uwe wa oksijeni ya hospitali, usiwe wa wachomelea vyuma. Hesabu yake ni hii: zidisha ujazo wa mtungi uliogongwa begani mwake kwa namba ya geji, kisha gawanya kwa lita za mgonjwa. Mtungi wa lita 10 ukisoma baa 100 (baa ni kipimo cha mgandamizo) una lita 1,000. Kwa lita 2 kwa dakika ni dakika 500, yaani muda wa saa 8 na dakika 20. Usisubiri ifike sifuri. Koki ifunguliwe polepole, kwa mikono isiyo na mafuta, na mtungi ufungwe ukutani usianguke. Ukisikia mlio wa kuvuja kwenye regyuleta, funga koki na urudishe kwa muuzaji. Usipake kitu chochote kwenye maungio.

Giza ndilo linaloleta kibatari na mshumaa, saa ileile mtungi unafunguliwa. Weka tochi yenye chaji pembeni ya mtungi, siku zote. Moto wowote ukae mita 3 mbali: sigara, jiko, dawa ya mbu ya kuwasha, chetezo cha udi. Udi una hatia mbili, moto na moshi. Nguo, nywele na blanketi hubaki zimeshiba oksijeni hata mashine ikizimwa, kwa hiyo mgonjwa asisogelee moto mpaka nusu saa ipite akiwa mahali penye hewa. Mpira usiachwe kitandani ukipuliza.

Safarini

Mgonjwa wa Dar es Salaam akifika Mbeya au Nairobi na kuzidiwa kwa lita zilezile, mashine haijaharibika. Miji hiyo iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa kule ni zaidi kidogo tu ya asilimia 80 ya ule wa pwani. Azungumze na daktari kabla ya tiketi. Ndani ya ndege hali hufanana na kuwa mlimani, hadi mita 2,400, na mashirika mengi hayaruhusu mtungi wako. Hukubali mashine ndogo ya betri kwa barua ya daktari. Kumbuka namba 2 kwenye mashine hizo zinazopuliza kwa kila pumzi si lita 2, na nyingine hazihisi pumzi ya mtu aliyelala.

Mpira unavuliwa wageni wakija

Tafiti mbili, ya Marekani mwaka 1980 na ya Uingereza mwaka 1981, ndizo zilizoonyesha kwamba wenye COPD na upungufu mkubwa wa oksijeni huishi muda mrefu zaidi wakiitumia angalau saa 15 kwa siku. Chini ya hapo faida hiyo haina uhakika. Mgonjwa anayevua kwa aibu, au kwa kuogopa eti atazoea, au kwa kuona bili ya umeme inawaumiza watoto wake, anazipoteza saa hizo bila mtu kujua, na muulizeni kwa upole ni lipi kati ya hayo. Kuzoea hakupo, mapafu yasiyotosheka hayakufanywa hivyo na mashine. Mwezi wa Ramadhani wako wanaovua kwa kuhofia saumu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 10 kilichofanyika Jeddah mwaka 1997, liliiweka gesi ya oksijeni kwenye orodha ya vitu visivyobatilisha saumu. Kama mwili wake unahimili kufunga ni swali jingine, la daktari na sheikh wake.

Mashine nyingi zina mita ndogo inayohesabu saa ilizowaka. Isome kila siku wakati uleule na uiandike kwenye daftari, ukikumbuka kuwa inahesabu kuwaka, si kuvaliwa. Tofauti ikiwa chini ya 15, kaeni na mgonjwa mtafute zinazokosekana: usiku mzima ni 8 au 9, kuoga na kula ni 2, redio ya jioni na mazungumzo ni 4 nyingine. Siku ya kliniki, daftari liende naye pamoja na oksimita yake, ilinganishwe na ya hospitali.